Bima Kwanza, Baba Baadaye

"Usimpeleke hospitali!"

Ndiyo, hapo hapo ndipo tulipoachana, na najua wiki nzima mmekuwa mkimtukana Kaka Mkubwa. Mtukaneni tu, mna haki. Ila wekeni akiba ya matusi, maana leo mtayahitaji.

Kwa aliyechelewa kuingia: Mzee Tanuri, mwoka mikate aliyewalisha watu wa mtaa huu tangu wakiwa na meno ya utoto, ameanguka asubuhi hii katikati ya trei zake, mkono kifuani, jasho linamtiririka. Binti yake wa mwisho, Kitinda, amenyakua ufunguo wa pikapu ya kusambazia mikate. Na mlangoni amesimama kaka yake, kauziba mlango wote kwa kifua.

"Kaka, pisha! Humwoni baba?"

"Namwona."

"Sasa?"

"Sasa nipe huo ufunguo, tuzungumze kama watu wazima."

Kitinda alidhani kaka yake amechanganyikiwa. Mshtuko humfanya mtu aseme mambo ya ajabu. Lakini wapi! Kaka Mkubwa hakuwa amechanganyikiwa hata punje.

"Tiketi za ndege nimeshalipa, sijalipa?" akauliza.

"Kaka, baba anakufa!"

"Nimelipa. Na hoteli nimelipa. Na ukumbi wa harusi yako nimelipa. Vyote ni vya kulipa na kusahau, ukiahirisha hurudishiwi kitu. Na bima ya safari, je?"

Bima ilikuwa haijanunuliwa.

Si kwamba hawakuambiwa. Siku ile tiketi zilipokatwa, Wakala wa bima alimwambia Kaka Mkubwa mbele ya watu, "Bosi, bima inunuliwe leo leo, wakati wote mko wazima." Kaka akacheka mpaka magego yakaonekana. "Tunapanda ndege, hatuendi vitani! Nikupe pesa zangu mapema ukanifugie? Tutanunua siku ya safari, tukiwa na mabegi mkononi." Watu wakacheka naye. Mjanja huyo, wakasema.

Leo ujanja ulikuwa umelala sakafuni, unahema.

"Sikiliza, mdogo wangu," Kaka akashusha sauti. "Baba akifika hospitali, daktari ataandika. Akishaandika, ugonjwa umejulikana, na hakuna kampuni itakayotuuzia bima ya ugonjwa uliokwisha kujulikana. Safari imekufa na pesa imekufa. Lakini bima ikitangulia, daktari akafuata, wanaturudishia kila kitu. Tunapanga tarehe nyingine, unaolewa. Kwa hiyo bima kwanza, baba baadaye. Nusu saa tu."

"Na akifa ndani ya hiyo nusu saa?"

"Baba huyu? Tanuri lenyewe halikumweza, kitamweza kifua?"

"Wakala yuko njiani," sauti ikasema kutoka nyuma.

Alikuwa wifi yake, mke wa Kaka Mkubwa, simu bado iko sikioni. Mwanamke huyu ana vidole vyepesi! Mzee alikuwa hajatua sakafuni sawasawa, yeye ameshabonyeza namba.

Kitinda akapiga magoti, akakiinua kichwa cha baba yake na kukilaza mapajani. Ngozi ya mzee ilikuwa baridi, baridi ndani ya chumba ambacho hata mende hutafuta kivuli.

"Nampeleka," akasema. "Pesa ni makaratasi. Nampeleka."

"Mpeleke," Kaka akasogea pembeni, akauacha mlango wazi. "Nenda. Ila ujue ukivuka hapo, mimi na harusi yako basi. Sitoi tena hata ya kununulia soda. Mpigie mchumba wako umwambie akusubiri miaka mingine mitatu. Kama hajapata wa kumfulia huko aliko."

Ee Mwenyezi Mungu! Alijua pa kupiga.

Miaka mitatu Kitinda alikuwa akimwona mchumba wake kwenye kioo cha simu tu. Kijana alikuwa ng'ambo akichomelea vyuma kwenye kiwanda cha meli, na mkataba wake haukumruhusu kurudi nyumbani. Kama mlima hauji, familia iliamua kuufuata: baba, kaka, wifi na bibi harusi mwenyewe, wote ndani ya ndege moja. Nguo ilikuwa imeshashonwa. Rafiki zake walikuwa wameshaanza kumsengenya kwamba huyo mchumba hayupo, ni picha tu aliyoipakua mahali. Kitinda alikuwa na hamu ya kuolewa mpaka usiku anaota anaitwa mke wa mtu.

Akautazama mlango ulio wazi. Akamtazama baba.

"Nusu saa?" akauliza, na sauti haikuwa yake.

"Nusu saa, mdogo wangu."

Akaufungua mkono. Wifi akauchukua ufunguo wa pikapu upesi, akautumbukiza kifuani.

Wakamkokota mzee hadi stoo ya unga, wakamkalisha juu ya magunia, mgongo ukutani. Kitinda akampa maji. Mzee akanywa funda moja, mengine yakamwagikia shingoni.

"Kuna nini, mama?" akanong'ona. Tangu Kitinda azaliwe, baba yake hajawahi kumwita jina jingine.

"Tunangoja mtu wa bima, baba. Halafu twende hospitali."

"Bima ya harusi?"

"Ya safari, baba."

"Haya," akasema mzee. "Haya. Mimi nipo."

Pikipiki ikanguruma nje. Wakala akaingia, kofia ya chuma kwapani, tabasamu limemwenea uso mzima. Alikuwa mtu wa maneno mengi, wale wanaokuuzia mwavuli huku jua linawaka na ukashukuru.

"Bosi! Si nilikwambia mimi? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya, leo moyo umelainishwa na nani?"

"Mke wangu," akajibu Kaka, akicheka kicheko kikavu. "Kaniota nimepoteza mabegi."

"Ndoto njema hizo! Wote wazima?"

"Wazima kabisa."

"Hakuna mwenye ugonjwa, hakuna aliyelazwa, hakuna anayesubiri majibu ya daktari?"

"Hakuna," wakajibu mume na mke kwa pamoja, utadhani wamefanya mazoezi.

Kitinda alikuwa amesimama nyuma ya kaunta akifuta pale pale pasipo na uchafu. Ulimi ulimwasha. Akaumeza.

Wakala akabofya bofya simu yake. "Safi. Bado mzee tu."

"Mzee wa nini tena?" wifi akaruka.

"Aliyepita umri wa miaka sitini lazima nimsikie mwenyewe, kwa mdomo wake. Utaratibu wa kampuni. Yuko wapi nimsalimie? Mikate yake ndiyo iliyonisomesha mimi."

Kaka akamtazama mkewe, mkewe akatazama stoo.

"Anapima unga," akasema wifi. "Ngoja nikuitie."

Akaingia stoo na Kitinda akamfuata. Mzee alikuwa amefumba macho, midomo imepauka, uso umekuwa wa majivu. Hata kipofu angejua kwamba mtu huyu ni mgonjwa.

"Hivi hawezi kuonekana," akanong'ona Kitinda, na kwa sekunde moja akafurahi. Mambo yameharibika yenyewe! Hakuna wa kulaumiwa!

Wifi akachota unga kiganjani.

Akampaka mkwewe shavuni. Akampaka paji la uso, pua, kidevu, taratibu, unga ukashikana na jasho. Wakati wote wa uhai wake Mzee Tanuri alikuwa mweupe kwa unga. Nani angeshangaa?

"Baba," wifi akasema kwa sauti ya asali, "mwanao anataka kuolewa. Kuna mtu hapo nje anataka kukusikia unasema wewe ni mzima. Ni neno moja tu. Usiposema, harusi hakuna."

Mzee akafumbua macho, akamtafuta Kitinda.

"Ni kweli, mama?"

Hapo, msomaji wangu. Hapo ndipo angeweza kusema hapana. Angesema, baba achana nao, nishike shingo twende, tutapanda hata toroli. Kitinda mwenyewe alijua hivyo, na atakwenda kaburini akijua hivyo.

"Ni kweli, baba," akasema.

Mzee akajisukuma ukutani, akasimama. Akatoka kwa miguu yake mwenyewe, kitinda mimba wake kamshika kiwiko kama vile wanakwenda kupiga picha.

"Shikamoo, mzee wangu!" Wakala akang'aa.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo! Eti mzee, afya inasemaje? Kifua hakibani? Pumzi haikati? Moyo haukusumbui?"

Mzee Tanuri hakuwahi kupunguza uzito wa mkate hata unga ulipopanda bei. Hakuwahi kuchanganya unga wa jana na wa leo. Alikuwa mtu wa kweli mpaka wenzake walimwona mjinga.

"Mimi ni mzima kama chuma," akasema. "Nitacheza kwenye harusi ya mwanangu mpaka wanifukuze."

Wakala akapasuka kicheko. Baba yake alikuwa akimfinya Kitinda mkono asidondoke.

"Imepita!" Wakala akatangaza. Kaka alikuwa ameshalipa kwa simu kabla neno halijaisha. "Hongereni sana. Sasa mna bima. Ndege ikiahirishwa, tupo. Begi likipotea, tupo. Mtu akiugua kabla ya safari mkashindwa kwenda, tunarudisha kila mlichotoa."

"Kuanzia sasa?" Kaka akauliza, mkono wake tayari uko begani kwa baba yake.

"Kuanzia kesho."

"Nini?"

"Bima inaanza siku inayofuata malipo, bosi. Ya leo hayatuhusu. Leo msiugue!" Akacheka mzaha wake mwenyewe, akavaa kofia, akatoka.

Mzee akaanza kuteremka taratibu ukutani. Kaka akamdaka, akamrudisha stoo, akamlaza juu ya magunia. Alipotoka, alitoka na uamuzi.

"Basi ni kesho," akasema.

"Kesho nini?" Kitinda akamkabili. "Ulisema nusu saa!"

"Si mimi, ni kampuni. Akiandikwa na daktari leo, tumefanya kazi bure. Ngoja kupambazuke."

"We kaka una roho ya binadamu kweli? Huyo ni baba yako! Ndiye aliyekuzaa!"

"Na wewe je?" wifi akadakia. "Ni mimi niliyemwambia 'ni kweli, baba'?"

Kofi lingemuuma kidogo kuliko maneno hayo. Kitinda akatoka mbio hadi barabarani, kandambili moja ikabaki mlangoni.

Wakala alikuwa akifunga mkanda wa kofia yake.

"Kaka wakala! Rudi! Tumekudanganya! Baba anaumwa, ameanguka asubuhi, yule si mzima, ni unga tu amepakwa! Futa hiyo bima, niazime pikipiki, nibebe..."

Wakala akageuka kulia, akageuka kushoto. Tabasamu lilikuwa limeondoka. Bila tabasamu alikuwa mtu mwingine kabisa.

"Dada, umesema nini?"

"Baba anaumwa!"

"Sijasikia."

"Nimesema..."

"Na mimi nimesema sijasikia." Akamsogelea. "Nikisikia, inabidi nifute. Nikifuta, ofisini wataniuliza nilimpitishaje mzee anayekata roho. Nina watoto, dada. Ofisi ilinipa onyo mwezi huu, hili lingekuwa la mwisho. Mzee amesema ni mzima kama chuma. Nimemsikia kwa masikio yangu haya mawili. Wewe sijakusikia."

Akapiga stata. Moshi ukamjaa Kitinda usoni, pikipiki ikakata kona.

Alisimama pale barabarani, mguu mmoja na kandambili, mmoja mtupu. Watu walipita na shughuli zao. Akaamua liwalo na liwe. Harusi na ife! Angepiga kelele mpaka mtaa mzima ujae mle dukani. Akageuka, akarudi mbio.

Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Kaka Mkubwa alikuwa amekaa mbele yake juu ya kreti, kichwa kati ya mikono. Wifi alikuwa amejifunika aproni usoni.

"Fungua, Kaka! Fungua au naita watu!"

Kaka akainua kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Usiite mtu, mdogo wangu," akasema polepole. "Baba ametutoka."

Kitinda akaurukia mlango, akalivuta kufuli. Akajikuta chini, mikono kichwani. Yowe lilipofika kooni, kiganja cha wifi kilikuwa kimeshafika mdomoni.

"Nyamaza! Nyamaza, wifi yangu. Lia ndani kwa ndani. Wateja wanakuja."

"Nimwone," Kitinda akasema kupitia vidole. "Nimwone tu."

"Ukimwona hutajizuia," akasema Kaka. "Utapiga ukelele, mtaa utajaa, na tutaambiwa amekufa leo. Akifa leo bima hailipi. Maiti haihitaji hospitali, mdogo wangu. Anachohitaji baba sasa ni sisi kunyamaza mpaka kesho. Kesho tunafungua mlango, tunamkuta, tunalia kama watu wote. Tufunike kombe mwanaharamu apite."

"Nyie ni mashetani."

"Labda," wifi akamfuta machozi kwa ncha ya aproni. "Lakini hukumsikia alivyojibu pale? Mzima kama chuma. Alitumia pumzi zake za mwisho kukununulia harusi. Utaitupa zawadi yake? Aliyekufa harudi. Wewe bado uko hai, na mwanaume anakungoja."

Kitinda alilia bila sauti, mabega yakimrukaruka. Alijichukia. Alimchukia kaka yake, akamchukia wifi, akauchukia hata unga. Lakini katikati ya chuki yote ile kijiwazo kidogo kikachomoza: kama ameshakufa, basi kelele zitamsaidia nani?

Msimhukumu haraka. Au mhukumuni, shauri yenu. Mimi kazi yangu ni kuwaambia kwamba alisimama, akanawa uso, akavaa aproni na kwenda kaunta.

Mteja wa kwanza alichukua mikate miwili. Wa pili alitaka chenji. Wa tatu aliegesha gari kubwa jeupe mlangoni kabisa, taa nyekundu juu ya paa, na Kitinda alipoliona akashika kaunta asianguke.

Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa wa hospitali, mteja wa kila siku. Kila amalizapo zamu hupitia mkate wa moto.

"Binti, salama?"

"Salama, mjomba."

"Mbona macho hivyo?"

"Unga, mjomba. Umeniingia."

"Pole. Na mzee wangu yuko wapi? Nilitaka kumgombeza."

Nyuma yake, Kitinda alisikia kreti ikilia. Kaka alikuwa amesogea.

"Kumgombeza kwa nini?"

"Juzi nilimwona anahema kama aliyekimbizwa. Nikamwambia, mzee, siku hizi mambo ya moyo yanatibika, muhimu ni kuwahi tu. Akabisha! Ana kichwa kigumu baba yako." Akacheka, akagonga gonga kaunta. "Leo gari langu liko tupu, daktari wa moyo yuko zamu. Niitie nimbebe hata kwa nguvu. Bure kabisa."

Kitinda akatazama gari lile. Mlango wake wa nyuma ulikuwa umbali wa hatua chache tu kutoka kaunta. Ningemwita kabla ya Wakala, akawaza. Ningetoka na baba mapema. Sasa basi, mambo yamekwisha.

"Ametoka," akasema. "Ameenda kuagiza unga. Atachelewa kurudi."

"Haya. Mwambie nimempitia."

"Nitamwambia, mjomba."

Dereva akachukua mkate wake, akapanda, akawasha gari. Likarudi nyuma kidogo, likanyooka, likaondoka. Kitinda alilisindikiza kwa macho mpaka likaingia barabara kuu na kumezwa na magari mengine.

Ngo. Ngo. Ngo.

Sauti ilitoka stoo.

Ngo. Ngo.

"Mama," sauti dhaifu ikapenya chini ya mlango wa chuma. "Mama, huyo mtu wa bima ameshaondoka? Nilijibu vizuri?"

Kitinda akageuka kama aliyechomwa moto. Wifi alikuwa anaangalia kucha zake. Kaka Mkubwa hakushtuka. Hakuruka, hakupiga kelele, hakusema kwamba ni muujiza. Alinyanyuka tu kutoka kwenye kreti, akaenda kwenye mashine ya kukandia unga, akaiwasha. Ikanguruma mpaka vioo vya kabati vikatetemeka, na sauti ya mzee ikazama humo.

"Yuko hai!" Kitinda akapiga kelele. "Ulijua! Ulijua yuko hai!"

Kaka Mkubwa akaukunja mkono wake juu ya ufunguo wa kufuli, akamsogelea mdogo wake mpaka sikioni, ili asikike vizuri.

"Gari la wagonjwa lilikuwa hapo mlangoni, mdogo wangu," akasema. "Na aliyelifukuza ni wewe."